JAB Watakata Wapi?

Nilifundisha kidato cha nne kwa miaka mingi, na kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yalipotoka wazazi walinijia na swali lile lile: mwalimu, mwaka huu JAB watakata wapi? Singeweza kuwajibu. Kwa kanuni, C+ ilitosha kuingia chuo kikuu. Masomo saba yalihesabiwa, A ikiwa pointi 12, hivyo jumla ya juu ilikuwa 84, na C+ ilianzia 46. Lakini C+ ilikupa sifa tu. Nafasi ya kusomeshwa na serikali ilitolewa na JAB, bodi ya pamoja ya vyuo vya umma, nayo ilianza kwa kuhesabu vitanda.

Vitanda, naam. Mwanafunzi wa serikali alitarajiwa kulala bwenini, basi watahiniwa walipangwa kuanzia juu na mstari ukapigwa vitanda vilipokwisha. Mara nyingi uliangukia kwenye B, ukapanda mwaka mmoja na kushuka mwingine. Wasichana walishushiwa pointi moja au mbili, na hapakukosekana baba wa mvulana aliyenuna. Msongamano wenyewe ulikuwa wa zamani: mwaka 1990 vyuo vilipokea kwa pamoja kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la 8-4-4, mfumo wa elimu uliofuta kidato cha sita.

Aliyekosa alikwenda chuo cha walimu, au India kama kwao kulikuwa na shamba la kuuza. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya sambamba, ya kujilipia. Mhadhiri yule yule, ukumbi ule ule. Vijana wangu wawili walioketi dawati moja walipitana kwa pointi moja tu: mmoja akalipiwa na serikali, wa pili akalipiwa na ng'ombe wa babake.

Kisha ukaja mwaka 2016. Mtihani wa 2015 ulikuwa umetoa A zaidi ya 2,600, na wizi wa mitihani ulishazoeleka. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akakaza kamba, matokeo yakatangazwa kabla ya Desemba kuisha: A 141 nchi nzima. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka zaidi ya 165,000 hadi chini ya 90,000. Wazazi wakalia. Kumbe KUCCPS, iliyorithi kazi ya JAB, sasa ilikuwa na nafasi nyingi kuliko watu, zikiwemo za vyuo vya kibinafsi. Kila mwenye C+ akaitwa. Ile C+ iliyowaacha nje kaka zao ikawapeleka wadogo chuoni kwa fedha za umma.

Mei 2023 serikali ikabadilisha mpango wa ufadhili. C+ bado inakuingiza chuoni, lakini kiasi utakacholipiwa kikawekwa kutegemea mapato ya nyumbani kwenu.