Mikasa: Manowari iliyookolewa na adui wa jana

MANOWARI Mikasa iliundwa na kampuni ya Vickers mjini Barrow-in-Furness, Uingereza, na kushushwa majini mwaka wa 1900 kwa niaba ya Japani.

Mnamo Mei 1905, Admirali Togo Heihachiro aliongoza kutoka kwenye sitaha yake vita vya Tsushima, ambapo msafara wa Urusi, uliokuwa umetia nanga Madagascar ukielekea mashariki, uliangamizwa.

Mikasa ilipigwa makombora zaidi ya 30, isizame. Lakini Septemba mwaka uo huo, siku chache baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, ghala lake la baruti lililipuka bandarini Sasebo. Ilizama na mamia ya mabaharia wakafa.

Iliopolewa, ikakarabatiwa, na kufanywa makumbusho mjini Yokosuka mwaka wa 1926.

Japani iliposhindwa mwaka wa 1945, mizinga yake iling'olewa na sitaha ikageuzwa ukumbi wa dansi. Miongoni mwa waliochangia kuiokoa ni Admirali Chester Nimitz wa Marekani, aliyekuwa amepigana na Wajapani hao hao. Ilifunguliwa upya mwaka wa 1961, nayo ndiyo manowari pekee ya aina yake iliyosalia duniani.