Tuyapangie Maji Kabla ya Nyumba

Ndugu wana-Kitai, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Wazee wetu Wamatengo walipohamia milimani katika karne ya 19, wakikwepa mashambulizi ya Wangoni, walikuta miteremko mikali na mvua nyingi. Jibu lao lilikuwa ngoro. Wanaume walifyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba. Wanawake walichimba udongo wa katikati na kuzifukia. Kila shimo lilishika maji yake, na shamba la jirani wa chini halikusombwa.

Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu pamoja. Nyumba zikasogeleana, lakini mapaa na nyua hazina mashimo ya kupokea mvua. Leo lami ya Peramiho–Mbinga imevuta wajenzi zaidi.

Basi likiletwa pendekezo la nyumba nyingi mahali pamoja, tupige hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Nyumba 40 ni lita 200,000. Zitapita kwa nani?

Kijijini, mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Tuhudhurie, na tudai mitaro ichorwe kabla ya viwanja kugawiwa.

Mwaka huu tunaomba sehemu ya michango yenu itengwe kwa upimaji wa njia za maji. Ni nafuu kuliko kujenga upya nyumba ya jirani.