Kasi ya VVU mwilini

Kasi ya VVU hupimwa kwa muda unaopita tangu mtu aambukizwe hadi UKIMWI ujitokeze. Bila dawa, muda huo huwa takriban miaka 10, lakini wapo wanaougua mapema zaidi, na wachache mno hukaa miongo miwili wakiwa na afya njema.

Dar es Salaam ilichangia sana kueleza tofauti hiyo. Kati ya 1995 na 1997, wajawazito 1,078 wenye VVU waliandikishwa katika utafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimemfikia mgonjwa wa kawaida. Katika damu yao zilionekana aina A, C na D za VVU-1, pamoja na virusi mseto. Wenye aina D ndio waliougua na kufariki mapema zaidi. Rakai, Uganda, nako wenye aina D waliugua mapema kuliko wenye A. Mwaka 2004 watafiti wa Dar es Salaam walionyesha kuwa vitamini B, C na E zilichelewesha ugonjwa kwa wanawake wao.

Mwili nao una lake. Kwa wenye jeni ya HLA-B*57, seli za kinga hushambulia sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuzibadili bila kudhoofika. Kifua kikuu na umri mkubwa huharakisha ugonjwa.

Tangu 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayegundulika, hata seli zake za kinga za CD4 zikiwa nyingi. Kwa anayemeza dozi bila kukosa, awe Temeke au Kinondoni, kinachofuatiliwa kliniki si kasi hiyo tena bali wingi wa virusi.