Mwanamitindo Hakuokotwa Porini

Mwaka 1975 waandishi wa habari wa New York waliitwa kumwona msichana wa Kisomali aliyesemekana kuokotwa porini nchini Kenya akichunga ng'ombe, asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Aliyewapa habari hizo alikuwa Peter Beard, mpigapicha Mmarekani. Kumbe msichana mwenyewe, Iman, alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia, na alizungumza lugha tano. Beard alikutana naye jijini Nairobi, akamwomba ampige picha. Iman akauliza atalipwa nini, na bei aliyoitaja ilikuwa karo yake ya chuo, dola 8,000. Huyo ndiye mchunga ng'ombe tuliyesimuliwa.

Uongo ule haujafa. Msichana wa Ndhiwa, katika Nyanza ya Wajaluo nchini Kenya, anayetamani kutembea jukwaani leo bado anaambiwa angoje mtu wa kumgundua, na anapongoja anajikagua: mrefu mno, mweusi mno, miguu mirefu kama ya korongo. Wajapani wanayo katuni juu ya jambo hili, Walkin' Butterfly ya Chihiro Tamaki, inayomhusu msichana mrefu kupita wenzake anayeuonea haya mwili wake, kisha anaufuata uanamitindo. Sisi yetu hatujaichora, lakini historia tunayo.

Tuanze na meno. Wajaluo wa zamani waliwang'oa vijana wao, wa kike kwa wa kiume, meno sita ya mbele ya taya la chini. Huo ndio uliokuwa utu uzima, na ndio uliokuwa urembo. Aliyebaki na meno yake yote alichekwa. Misheni na shule zikaikataza desturi hiyo, na wajukuu wakakua wakiliona pengo la nyanya kuwa kioja. Kipimo cha urembo kilibadilika ndani ya miaka isiyozidi umri wa mtu mmoja, na wala hakikubadilishwa na wenye midomo hiyo.

Kipimo kilichofuata kiliuzwa dukani. Miaka ya 1960 na 1970 matangazo ya krimu ya Ambi yalienea Afrika Mashariki, yakiahidi ngozi nyeupe na, pamoja nayo, kazi nzuri na mchumba. Tanzania ilijaribu dawa yake: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Mashindano ya Miss Tanzania nayo yakasimamishwa, yasirudi hadi 1994. Sioni kama wasichana walifaidika sana. Waliohangaishwa barabarani walikuwa wao, si wenye viwanda. Kenya ilipiga marufuku krimu zenye zebaki na hidrokwinoni mwaka 1998, ila kujichubua hakukukoma. Mtazame vidole aliyezitumia kwa miaka mingi: uso umeng'aa, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, vinamsema.

Badiliko kubwa kwa msichana mweusi wa Nyanza lilitoka upande ambao wazee wa Kijaluo huutaja wanapohesabu safari ya mababu: Wau, Bahr el Ghazal, katika Sudan Kusini ya leo. Huko ndiko alikozaliwa Alek Wek, Mdinka, mwaka 1977. Vita vilimfikisha London mwaka 1991, na mwaka 1995 mtafuta vipaji alimwona sokoni Crystal Palace. Novemba 1997 alikuwa kwenye jalada la jarida la Elle: mweusi ti, kichwa kimenyolewa karibu upara. Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kijaluo aliyekulia Kenya, amesimulia kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke mweupe, na kwamba kumwona Wek akisifiwa duniani ndiko kulikomfungua macho. Aliyasema hayo Februari 2014, siku chache kabla ya kutwaa Oscar. Baadaye aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, kilichotoka mwaka 2019 na ambacho leo kinapatikana pia kwa Kiswahili na Kidholuo. Mwalimu wa chekechea wa Ndhiwa asiyekuwa nacho na akitafute.

Kupendwa na kamera, hata hivyo, si kuheshimiwa. Alipopigwa picha ya Vogue kwa mara ya kwanza, Iman aliulizwa na mpambaji kama amekuja na vipodozi vyake, maana hapo hapakuwa na rangi ya ngozi yake. Alichopakwa kilimtoa kijivu kama jivu. Tangu hapo akawa anajichanganyia mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita kwenye jalada, nywele zake za nyuma zimefutwa kwa kompyuta, akalalamika hadharani. Mwaka 2019 mwanamitindo Adut Akech, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya, utotoni, alihojiwa na jarida moja la Australia, na mahojiano yalipochapishwa picha kubwa ilikuwa ya mwanamke mwingine mweusi. Mwaka huohuo Akech alitangazwa mwanamitindo bora wa mwaka jijini London.

Turkana hiyohiyo ya Kakuma ndiyo iliyomtoa Ajuma Nasenyana wa Lodwar. Alikuwa mkimbiaji kabla ya kuingia mashindano ya Miss Tourism mwaka 2003, kisha akafika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Naye Halima Aden, aliyezaliwa Kakuma, alipanda majukwaa makubwa akiwa na hijabu, na Novemba 2020 akajitoa mwenyewe alipoona hijabu inachezewa. Huyo namvulia kofia kuliko wote. Wengi hujua kuingia. Wanaojua kutoka kwa hiari wakiwa juu ni wachache.

Na kuna upande wa hesabu. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika habari za vijana wa Kakuma waliochukuliwa kupelekwa Ulaya kufanya uanamitindo, kisha wakarudishwa kambini baada ya muda mfupi, baadhi yao wakidaiwa maelfu ya euro. Nauli, viza, malazi, picha: kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye deni lao. Wakala akisema amekugharamia, mara nyingi maana yake ni kwamba amekukopesha.

Kwa hiyo, dada wa Ndhiwa, urefu na weusi wako si kasoro. Ila anayekutaka ulipe kwanza ndipo akupige picha, mkatae. Anayekuletea mkataba, mwombe siku za kuusoma, uupeleke kwa wakili, na uulize maswali mawili kabla ya kutia sahihi: nauli ni ya nani, na nikikosa kazi nani analipa? Iman aliuliza bei kabla ya picha ya kwanza.