Salamu za Heri kwa Wachumba na kwa Maarusi

Sisi watu wa milima ya Lubero twajua namna habari ya ndoa inavyotembea. Alimbongo iko kwenye njia kubwa itokayo Butembo kwenda Goma, mahali pa baridi na ukungu, penye mashamba ya viazi na kabichi. Gari lililopita hapo kwenda Kanyabayonga na kuteremka Kabasha lilichukua magunia ya viazi, na pamoja na magunia lilichukua salamu: mwambieni shangazi kwamba Masika amechumbiwa. Shangazi naye alijibu kwa mkono wa dereva yule yule, kitenge kimoja na maneno mawili matatu. Siku hizi simu hufanya kazi hiyo, tena upesi mno. Lakini swali ni lile la zamani: twasema nini hasa tunapowatumia heri watu waliochumbiana? Na je, ndiyo yale yale tunayowaambia waliokwisha kufunga ndoa?

Tuanze na Maandiko Matakatifu, maana humo mna salamu za arusi zilizo nzuri kuliko zetu. Katika kitabu cha Tobia twasoma kwamba karamu ya arusi ya Tobia na Sara ilidumu siku kumi na nne. Malaika Rafaeli alitumwa mpaka Rage kwa Gabaeli, kuchukua fedha iliyowekwa kwake. Gabaeli hakutoa fedha tu na kubaki nyumbani. Aliamka mapema akaja mwenyewe, akamkuta kijana mezani, akalia machozi ya furaha na kumbariki. Angalieni vema: alikuja baada ya Ragueli kumtoa binti yake kwa mkono wake na baada ya hati kuandikwa. Kadhalika Rebeka. Ndugu zake walimbariki kwa maneno makubwa alipoondoka kwao, lakini kabla ya hapo walimwita wakamwuliza kama yu tayari kwenda, naye akajibu kwamba atakwenda. Kwanza ridhaa, kisha baraka. Utaratibu huo si mdogo, nasi tutaurudia.

Kanisa lilitenganisha tangu zamani siku ya uchumba na siku ya ndoa. Mwaka 866 Papa Nikolao I aliwajibu Wabulgaria waliomwuliza juu ya desturi za Roma. Akawaeleza kwamba kwanza huja ahadi, pete na mahari. Halafu, siku nyingine ipasayo, maarusi huletwa kanisani kupokea baraka na shela, na wakitoka huvaa taji kichwani. Ila akaongeza neno ambalo maskini wa nchi zote wangelishukuru kama wangelijua: mambo hayo yote yakikosekana kwa sababu ya umaskini si dhambi, kwa maana ridhaa ya wenye kuoana ndiyo inayofanya ndoa.

Lakini ridhaa iliyotolewa gizani ilileta taabu. Wanaume wengine waliahidi kwa siri, wakakana mbele ya watu, wakaoa mwingine. Ndiyo sababu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaweka matangazo mara tatu na kudai paroko na mashahidi. Agizo hilo la Trento halikutangazwa katika nchi zote. Mwaka 1907 Papa Pio X alilieneza karibu pote. Basi wamisionari walipofika kwetu walikuja na sheria iliyokuwa bado mbichi kwao wenyewe.

Kwetu walifika Mapadre Waasunsio, mwaka 1929. Misioni ya Beni ilisimama peke yake mwaka 1934, ikawa Vikarieti mwaka 1938 chini ya Monsinyori Henri Piérard, kisha jimbo mwaka 1959. Na tangu mwaka 1967 jina lake ni Butembo-Beni. Wengi wa mapadre wale walitoka Ubelgiji na Uholanzi, nao walileta neno moja ambalo halijaondoka midomoni mwetu: *proficiat*. Ni Kilatini, maana yake iwe na faida, iendelee vema. Kwao ndilo neno la kumpongeza mtu, na hata leo Kongo ya mashariki utalisikia, kwa padre mpya na kwa maarusi. Watu wa pwani husema hongera. Sisi twasema proficiat kama kwamba babu zetu walizaliwa nalo! Hatulikatai, maana ni neno zuri: halisemi kazi imekwisha, laomba kazi iendelee.

Wayira, ambao wengine huwaita Wanande, hawakungoja Kilatini wapate kupongezana. Mahari kwao ni mbuzi, na mbuzi hawaendi usiku kwa siri. Wanapopelekwa kwa wakwe, kijiji chote huhesabu. Kasikisi, pombe ya ndizi, hunywewa na pande mbili, na anayekunywa amekuwa shahidi. Mapadre walipoanza kusoma majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo, wazee walielewa upesi kuliko mafundisho mengine mengi. Kazi ilikuwa ile ile ya mbuzi: jambo lijulikane, na mwenye neno alitoe.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huumia. Matangazo yalikuwa mlango ulioachwa wazi. Wachumba walitangazwa ili yeyote ajuaye kizuizi aseme, nao wenyewe wapate muda wa kufikiri. Lakini salamu zetu za heri mara nyingi huufunga mlango huo. Tumeona zaidi ya mara moja msichana aliyekuwa amekwisha kujua moyoni kwamba hapendi, au kwamba kijana ni mkali na mlevi, na hakuthubutu kusema. Kwa nini? Kwa sababu pongezi zimefika toka Goma, toka Kampala, toka kwa mjomba aliye Ulaya. Mbuzi wamekwisha kuliwa. Mama husema: tutawaambia nini watu? Basi binti alikwenda altareni akibebwa na salamu za watu, na ridhaa yake haikuulizwa na mtu ila padre, naye alimwuliza mbele ya umati.

Yafaa wazazi wajue kwamba sheria haiko upande wa aibu hiyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilisema wazi kwamba ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe. Zile za mwaka 1983 zimerudia neno hilo katika kanuni ya 1062. Inaweza kuwapo hasara ya kulipa, lakini hakuna kulazimisha. Na Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo yadai mahari ili ndoa iwe halali, nayo yasema kwamba uchumba haumlazimishi mtu kuoa wala kuolewa. Mbuzi hurudi. Ni shida, ni maneno mengi, lakini hurudi. Maisha ya mtu hayarudi.

Kanisa lenyewe limeonyesha namna ya kupima maneno. Katika kitabu cha Baraka kilichotolewa Roma mwaka 1984 mna baraka ya wachumba, nayo imekatazwa kuunganishwa na Misa, ili watu wasidhani kwamba ndoa imekwisha kufungwa. Tena ikifanyika kati ya jamaa mbili, anayefaa kuiongoza ni mmoja wa wazazi. Baba wa nyumba, basi! Hapana haja ya kumtafuta padre milimani kote. Kwa maarusi Kanisa halikuwa na kipimo kidogo: tangu mwaka 1939 hadi 1943, dunia ikiwaka vita, Papa Pio XII aliwapokea maarusi wapya karibu kila Jumatano akawafundisha kwa upole, na Mapapa waliofuata wameendelea kuwasalimu. Mtaguso wa pili wa Vatikano nao, mwaka 1963, ulitaka desturi njema za kila nchi zitunzwe katika ibada ya ndoa.

Kwa hiyo sisi huandika hivi. Kwa wachumba twawataja wazazi kwanza, twasema tumesikia, tumefurahi, twawaombea mwanga wa Roho Mtakatifu. Neno mke na neno mume hatuyatii. Kwa maarusi twayatia, tena kwa nguvu. Wengine huongeza kwamba wangoja Paluku au Masika, kwani kwetu jina la mtoto wa kwanza lajulikana kabla hajazaliwa. Ni utani mzuri mwezi wa kwanza. Mwaka wa tano, nyumba ikiwa bado kimya, utani huo ni mwiba, na aliyeuandika amekwisha kuusahau.

Sasa imekuja taabu nyingine. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na katika Desemba ya mwaka ule ule vita vikafika Alimbongo. Watu walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Vijana walichumbiana ugenini, na paroko aliyewapokea hakuwajua. Nani atashuhudia kwamba kijana huyu hana mke aliyemwacha nyuma? Hapo salamu ya mzee wa kijiji yapata uzito ilioupoteza zamani. Mzee aandikaye kwamba amjua kijana na baba yake, kwamba ajua yu huru, na kwamba ampa heri, amefanya kazi ya matangazo yote matatu. Karatasi yake padre huisoma kwanza, ofisini, mlango umefungwa. Kisha husomwa mara ya pili karamuni, polepole, pamoja na majina ya wote walioituma na vilima walivyoviacha.