Tuzo ya Wanaoandika: Miaka 150 ya Taasisi ya Wahandisi wa Kifalme

Daraja la vitani hufungwa usiku, jeshi likavuka, kisha daraja likafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye malori. Handaki hufukiwa. Barabara ya muda huota majani baada ya masika mawili. Kumtunuku mhandisi wa jeshi kuna taabu yake, maana wakaguzi wakifika, kazi yenyewe imeshaondoka. Taasisi ya Wahandisi wa Kifalme ya Uingereza, iliyotimiza miaka 150 mwaka 2025, ilitafuta dawa ya kikarani kabisa: aliyejenga aandike alivyojenga.

Makao yake ni Brompton, Chatham, katika jimbo la Kent, jirani na chuo cha uhandisi wa kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1812 chini ya Charles Pasley. Huko maofisa walianza kuchapisha makala za kitaalamu mwaka 1837, na mwaka 1870 likaja jarida. Taasisi yenyewe iliundwa mwaka 1875, na hati ya kifalme ikaipata mwaka 1923. Kwa maneno mengine, maandishi yalitangulia, taasisi ikafuata. Mgeni anayefika kambini huko huona kwanza sanamu ya Jenerali Gordon, mmoja wa wahandisi hao, juu ya ngamia, lakini mimi naona roho ya mahali pale imo zaidi kwenye yale majuzuu ya karatasi.

Moja ya tuzo ambazo Taasisi huwapa waandishi wake ina jina la Thomas George Montgomerie, mpimaji wa Himalaya. Mwaka 1856 aliona kwa mbali vilele viwili akaviandika K1 na K2 daftarini. Hicho cha pili, kilele cha pili kwa urefu duniani, hakijapata jina jingine lililoenea kuliko hilo. Lakini kazi yake iliyonivutia zaidi ilitembezwa na miguu ya watu wengine. Tibet ilikuwa imefungwa kwa Wazungu, hivyo Montgomerie akawafundisha Wahindi wa milimani kupima nchi kwa hatua zao. Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka Kumaon, alikwenda amejifanya msafiri wa kawaida. Tasbihi ya Kibudha ina punje 108. Yake ilikuwa na 100, na kila hatua 100 alivuta punje moja. Vipimo alivificha ndani ya kijigurudumu cha sala, na zebaki yake ya kupimia akaiweka kwenye kauri. Aliingia Lhasa Januari 1866. Medali ya dhahabu alikuja kuipata mwaka 1877, ila aliyempa ni Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Jina lililobaki kwenye tuzo ya Chatham ni la ofisa aliyemtuma.

Kwetu pia wahandisi hawa wamepita. Ofisa Kitchener, aliyeingia katika kikosi cha Wahandisi wa Kifalme mwaka 1871, aliiwakilisha Uingereza kwenye tume ya mipaka ya dola ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1885, ile iliyoishia kumwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwishoni mwa 1891, Kapteni J. R. L. Macdonald alitoka Mombasa na maofisa wenzake kupima njia ya reli hadi Ziwa Viktoria. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Macdonald aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1897. Wapagazi waliomchukulia mahema na vyombo vya kupimia hawakuwa na jarida.

Kuna mtu mmoja aliyeipindua hesabu hii yote ya kazi kutoweka na maandishi kubaki, naye hata askari hakuwa. Donald Bailey alikuwa raia aliyeajiriwa na Wizara ya Vita, kwenye kituo cha kujaribu madaraja huko Christchurch. Daraja alilolibuni kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili lilikuwa la vipande vinavyofanana: ubavu mmoja wa chuma wenye urefu wa mita 3 hivi, mwepesi kiasi cha kubebwa na watu sita bila winchi. Mto ukiwa mpana, unaongeza vipande. Vifaru vikiwa vizito, unapanga mbavu mbili-mbili au tatu-tatu, hata ghorofa juu ya ghorofa. Wahandisi wa kikosi walilifunga Italia na Ulaya Kaskazini, mara nyingi makombora yakiwaangukia. Bailey alipewa cheo cha Sir mwaka 1946.

Daraja hilo lilikusudiwa kuwa la muda kama mengine yote, likakataa kuondoka. Masika yakikata barabara zetu leo, wanajeshi hufika na malori ya chuma, wakafunga daraja la ukoo ule ule. Kreni ikikosekana, wanajipanga sita-sita, watatu huku na watatu huku, mtu mmoja anahesabu, na ubavu unainuka.