Moyo Kushindwa Kufanya Kazi: Mambo ya Kufahamu kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Moyo kushindwa kufanya kazi ni hali ambayo moyo haumudu kusukuma damu ya kutosha mwilini. Mgonjwa huvimba miguu, huchoka kwa kazi ndogo na hukosa pumzi alalapo chali. Wengi hufikishwa hospitalini katika hatua hiyo na kulazwa, ilhali ugonjwa ulianza miaka mingi kabla.

Hali hii hudhaniwa kuwa ya uzeeni. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, ukiongozwa na Prof. Abel Makubi, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, ulifuatilia wagonjwa 427. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Chanzo kikuu, kwa asilimia 45, kilikuwa shinikizo la juu la damu. Asilimia 12 walikuwa na ugonjwa wa vali za moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Vyanzo vyote viwili vinaweza kudhibitiwa mapema, karibu na nyumbani.

Shinikizo la damu hupimwa kwa dakika chache, na kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia huhitaji tiba. Dawa zake ni za kila siku. Mgonjwa anayeziacha kwa kuwa hasikii maumivu, na hao si wachache, hujiweka katika hatari ya kulazwa upya.

Homa ya baridi yabisi huanza na jambo linaloonekana dogo: mafindofindo ya mtoto yanayosababishwa na bakteria na yasiyotibiwa ipasavyo. Mwili wa mtoto hupambana na bakteria hao na kuziumiza vali za moyo wake. Aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4, kwa miaka mingi. Ratiba hiyo ni ngumu kwa familia ya wafugaji inayohama kiangazi kufuata malisho. Kadi ya kliniki ya mtoto isiachwe nyumbani, kwani kituo chochote cha afya njiani kitaihitaji ili kumwendeleza.

Mgonjwa huanzia zahanati, kisha kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Wilayani Mbulu ipo pia Hospitali ya Kilutheri Haydom, inayotoa huduma tangu mwaka 1955, na mjini Babati ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Upasuaji wa vali hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2015.

Mama aliyejifungua naye yumo hatarini. Moyo unaweza kudhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Akivimba miguu na kukosa pumzi usiku, hali hiyo isichukuliwe kuwa uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.